Sukari inayopanda usiku: metformini inafanya nini hasa mwilini

Kwenye benchi la kliniki ya sukari, iwe Jinja, Bombo au Arua, kuna swali halikosi. "Musawo (daktari), jana usiku sikula. Nilikunywa maji tu nikalala. Mbona asubuhi mashine inasema 12?" Jirani kwenye benchi anamtazama kwa pembeni, kama kwamba huyu mama ameficha sahani ya matoke chini ya kitanda. Nesi, ikiwa foleni ni ndefu na amechoka, atamwambia apunguze chakula. Mama ataondoka akijua hajaaminiwa.

Lakini mama amesema kweli. Sukari ile haikutoka kwenye sahani, ilitoka kwenye ini lake mwenyewe. Metformini, kile kidonge kikubwa cheupe ambacho karibu kila mwenye kisukari aina ya pili Uganda amewahi kupewa, kazi yake kubwa iko hapo hapo kwenye ini. Mengi wanayokosea watu kuhusu dawa hii, tangu kuimeza siku wanayojisikia vibaya hadi kuilaumu kwa kuua figo, yanatokana na kudhani kwamba inafanya kazi mahali pengine: tumboni, ikikimbizana na posho (ugali) iliyoliwa mchana.

Utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza uliofanywa Uganda mwaka 2014 ulikuta watu wazima wenye kisukari ni kama asilimia 1.4, na karibu nusu yao walikuwa hawajui. Asilimia hiyo ni ndogo ukilinganisha na nchi nyingi. Kinachonisumbua mimi ni hiyo nusu, maana mtu anayegundua akiwa amechelewa hupewa vidonge siku hiyo hiyo, maelezo ya dakika mbili, na tarehe ya kurudi.

Ini ni ghala, na mlinzi wake hasikilizwi

Damu yote ya mtu mzima ni kama lita 5. Asubuhi, kabla hajala, mtu asiye na kisukari ana gramu 5 hivi tu za sukari zinazozunguka katika damu hiyo yote. Ni kijiko kimoja cha chai. Ubongo unaitumia sukari hiyo bila kupumzika, hata umelala, kwa hiyo bila mtu wa kuijaza kijiko hicho kingekwisha mapema sana na usingeamka.

Anayejaza ni ini. Linaweka akiba ya sukari baada ya mlo na kuitoa polepole, na akiba ikipungua linatengeneza mpya kutokana na vitu vingine, kama mabaki ya protini. Kwa mtu mwenye afya linatoa kiasi cha miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito, kila dakika. Mtu wa kilo 60 basi anapewa na ini lake gramu 7 na kidogo kwa saa. Akilala kwa muda wa saa nane: gramu 57 au 58. Ukizipima kwa kijiko cha chai ni vijiko 14 hivi, vimeingia kwenye damu usiku huku mdomo umefungwa.

Kwa kawaida insulini, inayotolewa na kongosho, ndiyo inayoliambia ini "basi, imetosha." Katika kisukari aina ya pili ini halisikii vizuri. Insulini inakuja, inabisha hodi, na ghala linaendelea kumwaga. Misuli nayo, ambayo ingepaswa kuichukua sukari hiyo, inasuasua. Kongosho linajaribu kuongeza insulini mwaka baada ya mwaka mpaka linaanza kushindwa. Matokeo yake ni hiyo 12 ya asubuhi.

Metformini inapunguza utengenezaji huo wa sukari kwenye ini, kwa watu wenye kisukari aina ya pili, kwa kiasi cha robo hivi. Inafanya hivyo kwa kuingia ndani ya seli za ini na kupunguza kasi ya mitokondria, zile sehemu ndogo zinazozalisha nguvu ya seli. Kutengeneza sukari ni kazi ghali kwa seli, na seli isiyo na nguvu ya ziada inaiacha. Hapo wanasayansi bado wanabishana kuhusu kila hatua ya njia hiyo, jambo la kushangaza kwa dawa iliyomezwa na mamilioni ya watu kwa zaidi ya miaka sitini. Inajulikana pia kwamba dawa hii inafanya kazi kwenye utumbo, na kwamba inasaidia mwili kuitikia insulini iliyopo.

Ambacho haifanyi ni kulilazimisha kongosho litoe insulini zaidi. Shika hilo, tutalihitaji.

Si dawa ya kumeza unapojisikia

Mtu aliyezoea Panadol anajua kichwa kikiuma unameza, kikipoa unaacha. Wengi wanaibeba tabia hiyo hadi kwenye metformini. Leo kumekuwa na harusi, pilau na soda zimeliwa, basi usiku anameza viwili badala ya kimoja. Wiki ijayo anajisikia mwepesi, hakojoi sana, hana kiu, basi anavitunza vidonge mpaka dalili zirudi.

Vidonge viwili vya usiku wa harusi haviwezi kuifuta pilau. Metformini hujenga kazi yake siku kwa siku, na nguvu kamili ya dozi fulani huonekana baada ya wiki moja mbili za kumeza bila kuruka. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita, ndicho kinachoweza kusema kama imefanya kazi, na kwa kawaida huishusha kwa asilimia 1 hadi 1.5: mtu aliyekuwa na 8.5 anaweza kufika 7 na kitu. Kipimo hicho hakipatikani kila kituo cha afya, kwa hiyo wengi tunategemea tone la kidole. Basi hilo tone litolewe asubuhi kabla ya kula, na lilinganishwe na la asubuhi nyingine. Wengi huambiwa walenge kati ya 4 na 7 kwenye mashine (hizo ni milimoli kwa lita, si asilimia za HbA1c). Tone la saa nane mchana, baada ya rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) na chai ya maziwa, linakuambia kuhusu rolex.

Na kutojisikia vibaya hakumaanishi sukari imeshuka. Mtu anaweza kutembea na 11 kwa miaka bila maumivu yoyote, huku mishipa midogo ya macho na figo ikiharibika.

Ilitoka kwenye mmea

Utasikia mtu sokoni akisema heri mululuza (ule mmea wa majani machungu) au mlonge, kwa sababu dawa za hospitali ni kemikali tupu. Ni vizuri kujua kwamba metformini yenyewe ina asili ya mmea. Ulaya kuna mmea unaoitwa Galega officinalis, maua yake ya zambarau, ambao ulitumika katika tiba za kienyeji huko karne nyingi zilizopita. Ndani yake kuna kiini jamii ya guanidini, kinachoshusha sukari lakini kina sumu. Wanakemia wakatafuta ndugu yake asiye na sumu kiasi hicho, na metformini ikatengenezwa maabara kwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1922. Ikakaa kabatini. Insulini ilikuwa imegunduliwa wakati ule ule na kila mtu alikuwa akiitazama hiyo. Mwaka 1957 daktari Jean Sterne, akifanya kazi Paris, akachapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa na kuiita Glucophage, yaani mla sukari. Jina lenyewe linapotosha kidogo, kwa kuwa dawa haili sukari, inazuia isitengenezwe.

Marekani waliichelewesha hadi 1995. Sababu ilikuwa dada yake, fenformini, iliyoondolewa sokoni huko miaka ya 1970 baada ya watu kufa kwa asidi ya laktiki iliyojaa kwenye damu. Metformini iliteseka kwa jina la ukoo. Kilichoisafisha hasa ni utafiti mkubwa wa Uingereza, UKPDS, uliotoa matokeo mwaka 1998: watu wanene wenye kisukari aina ya pili walioanzishiwa metformini walipata mshtuko wa moyo kwa uchache wa asilimia 39 kuliko waliotegemea ushauri wa chakula. Leo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na ni miongoni mwa dawa za kisukari zenye bei nafuu kabisa.

Tofauti ya mmea na kidonge ni kipimo. Kidonge cha miligramu 500 ni 500 leo na kesho. Kikombe cha mululuza cha leo na cha kesho havijulikani, na ukichanganya na dawa nyingine za kushusha sukari, unaweza kushuka usipotarajia. Anayekunywa mitishamba amwambie daktari. Daktari naye asimkaripie, maana akikaripiwa hatasema tena.

Tumbo

Sababu kubwa ya watu kuacha metformini ni tumbo. Kuhara, kichefuchefu, gesi, ladha ya chuma mdomoni. Fungua kichupa ukivute puani: kina harufu fulani ya samaki, na wapo wanaodhani dawa imeoza. Haijaoza, ndivyo inavyonuka.

Mara nyingi tumbo linavurugika kwa sababu mtu alianzishiwa dozi kubwa mara moja. Njia inayovumilika ni kuanza na 500 mara moja kwa siku, na chakula cha jioni, kisha kuongeza 500 kila baada ya wiki moja hivi mpaka kufikia dozi aliyopangiwa. Wengi huishia 1,000 asubuhi na 1,000 jioni. Imezwe katikati ya mlo au mara tu baada yake. Kwa wengi tumbo hutulia baada ya wiki chache. Ukiona halitulii, rudi uombe dozi ishushwe au upewe ile inayoyeyuka polepole, kama ipo. Hiyo ya polepole haivunjwi wala haitafunwi. Na usishtuke ukiona chooni kitu kinachofanana na kidonge kizima: dawa imeshatoka ndani yake, lililobaki ni ganda.

Mlo ukirukwa je? Mchana umepita bila chakula kwa sababu wateja walikuwa wengi dukani. Hapo usiiache dozi kabisa; imeze utakapokula, ila usirundike dozi mbili kwa pamoja kufidia. Chakula kinahitajika kwa ajili ya kulinda tumbo. Ini halijui kama ulikula mchana, linaendelea na kazi yake.

Kushuka kwa sukari: mwangalie mwenzake

Sasa turudi kwenye lile la kongosho. Kwa kuwa metformini hailazimishi insulini itoke, ikitumika peke yake ni nadra sana kuishusha sukari chini ya kawaida. Anayetetemeka, anayetoka jasho jembamba, anayechanganyikiwa au kupata njaa ya ghafla saa tano asubuhi, na anasema "metformini imenishusha," muulize anameza nini kingine.

Mara nyingi jibu ni glibenklamidi. Hicho ni kidonge kidogo, na mara nyingi kinatolewa pamoja na metformini, hata kwenye mfuko mmoja wa karatasi. Kazi yake ni kulikamua kongosho. Mtu akimeza glibenklamidi asubuhi halafu chakula kikachelewa, insulini inatoka na haikuti kitu. Dereva wa boda boda aliyeondoka nyumbani na chai kavu anaweza kujikuta kwenye mtaro. Kwa wazee ni hatari zaidi, kwa sababu dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu, na Shirika la Afya Duniani linasema haifai kwa waliopita miaka 60. Gliklazidi, dawa ya jamii hiyo hiyo, ni salama zaidi kwao. Mwenye dalili hizo anywe mara moja vijiko vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, au soda ya kawaida, kisha ale. Asiyejitambua asinyweshwe kitu, apelekwe hospitali.

Kwa hiyo jua majina ya vidonge vyako. "Kile kikubwa na kile kidogo" haitoshi, hasa unaponunua duka la dawa baada ya kituo cha afya kuishiwa. Kiwanda kikibadilika, ukubwa na umbo hubadilika pia, na mwenye duka akikosea wewe ndiye kinga ya mwisho. Weka pakiti tupu mfukoni uende nayo.

Figo: nani alianza?

Hili ndilo linalowatisha watu kuliko yote. "Jirani yangu alimeza metformini miaka kumi, sasa yuko kwenye mashine ya kusafisha damu." Nami nimelisikia mara nyingi, kwenye teksi na kwenye misiba, likisemwa kwa uhakika kabisa.

Fuata mpangilio wa matukio. Mtu ana kisukari kwa miaka mingi, labda na presha ya damu juu yake, vyote viwili havidhibitiwi vizuri. Sukari na presha vinaharibu vichujio vidogo vya figo taratibu. Katika miaka hiyo hiyo anameza metformini. Siku moja daktari anapima, anakuta figo zimedhoofika, anamwambia: acha metformini. Familia inaunganisha mambo mawili: dawa imesimamishwa kwa sababu ya figo, basi dawa ndiyo iliyoua figo.

Metformini haiharibu figo. Inasimamishwa kwa sababu nyingine. Mwili hauivunjivunji dawa hii, unaitoa jinsi ilivyo kupitia mkojo. Figo zikifanya kazi, dawa inatoka kwa mpangilio. Zikishindwa, inarundikana kwenye damu, na ikirundikana inaweza kuchangia ile asidi ya laktiki iliyoiangusha fenformini. Ni jambo la nadra, ila likitokea linaua.

Ndiyo maana kuna mipaka. Utendaji wa figo unakadiriwa kwa namba iitwayo eGFR, inayohesabiwa kutokana na kipimo cha damu cha kreatinini (taka ambayo figo huichuja) pamoja na umri na jinsia. Namba hiyo ikiwa zaidi ya 45, kwa kawaida hakuna tatizo ila kuendelea kufuatilia. Ikiwa kati ya 30 na 45, dozi hupunguzwa, mara nyingi hadi nusu ya dozi ya juu. Chini ya 30, dawa husimamishwa. Mtu anayemeza metformini apimwe kreatinini angalau mara moja kwa mwaka, na mara zaidi akiwa mzee au namba ikianza kushuka. Ukiambiwa kwenda kupigwa picha ya hospitali inayohitaji sindano ya rangi kwenye mshipa, taja kwamba unameza metformini, maana wenye figo dhaifu huambiwa waiache kwa muda.

Anayeacha metformini kwa kuogopa figo, bila kuweka dawa nyingine mahali pake, anaiacha sukari ipande, na sukari iliyopanda ndiyo inayokula figo.

Siku za malaria, siku za kufunga, siku za waragi

Kuna siku ambazo metformini huwekwa pembeni kwa muda, na ni siku ambazo Uganda hazikosekani. Ukiwa na malaria ya kutapika, kuhara kusikokoma, au homa inayokufanya ushindwe kunywa maji, damu inapungua maji na figo zinapungukiwa kazi hata kama jana zilikuwa nzima. Hapo simamisha metformini, nenda kituo cha afya, na uirudishe ukianza kula na kunywa vizuri kwa siku moja au mbili. Lakini insulini usiiache kiholela, kwa sababu ugonjwa wenyewe hupandisha sukari. Malaria kali pia inaweza kuishusha sukari, na kwinini nayo huishusha, kwa hiyo mwambie anayekutibu kwamba una kisukari kabla hajachoma sindano.

Waragi, tonto na pombe nyinginezo: ini lililo na kazi ya kusafisha pombe haliwezi kuondoa asidi ya laktiki vizuri, na haliwezi kutengeneza sukari ya akiba. Chupa moja ya bia na chakula si sawa na kulewa wikiendi nzima bila kula. Hilo la pili na metformini havikai pamoja.

Ramadhani ina njia yake, na ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, kwa mwenye metformini peke yake. Anayemeza mara moja kwa siku aimeze wakati wa futari. Anayemeza mara mbili, futari na daku. Aliyekuwa anameza mara tatu, ile ya mchana inaunganishwa na ya futari. Aliye na glibenklamidi au insulini hawezi kujipangia hivyo. Aende kliniki mwezi wa Shaabani, si siku ya tatu ya Ramadhani akiwa ameshaanguka. Hajati wengi huona aibu kuacha kufunga hata daktari akiwakataza, na hapo sheikh anayeielewa ruhusa ya mgonjwa anasaidia kuliko daktari.

Kwenye milima ya maombi watu hufunga kavu, bila maji, siku tatu au zaidi. Kwa mwenye kisukari anayemeza metformini hilo ni kukausha figo huku dawa iko ndani. Mchungaji na aambiwe hivyo wazi.

ARV na vidonge vya vidonda vya tumbo

Uganda ina watu wengi wanaoishi na virusi vya Ukimwi kwa miaka mingi sasa, wanazeeka, na kisukari kinawakuta kama kinavyomkuta mwingine yeyote. Dawa ya kwanza ya ARV wengi wanayotumia sasa ina dolutegraviri, ile inayofupishwa DTG. Dolutegraviri inazuia milango ambayo metformini hupitia kutoka kwenye figo, hivyo kiwango cha metformini kwenye damu kinapanda sana. Kwa anayetumia zote mbili, dozi ya metformini kwa kawaida haipitishwi 1,000 kwa siku. Tatizo ni kwamba kliniki mbili ziko milango tofauti, kadi mbili tofauti, na mgonjwa mwenyewe hataki kadi moja ionekane kwenye chumba cha pili. Aibu hiyo naielewa. Lakini mfamasia asipojua hawezi kuhesabu. Madaktari wa Kampala pia wameripoti wagonjwa ambao sukari ilipanda sana baada ya kuhamishiwa dolutegraviri, kwa hiyo mtu akianza kukojoa sana na kukonda baada ya kubadilishiwa dawa, apimwe sukari haraka, na ARV asiziache mwenyewe.

La pili linapita kimya zaidi. Metformini ikitumika miaka mingi kwa dozi kubwa inapunguza vitamini B12 inayofyonzwa na utumbo. Omeprazoli, inayomezwa na kila mtu aliyewahi kuambiwa ana vidonda vya tumbo, inaipunguza pia. B12 inapatikana kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa, na mwenye mlo wa muhogo na maharage kila siku anaipata kidogo tangu mwanzo. Ikipungua, nyayo zinaungua na kuchomachoma, na ganzi inapanda. Kila mtu atasema ni kisukari kimeshika mishipa, na mara nyingi ni kweli. Lakini B12 hutibika kwa sindano au vidonge, na uharibifu ukikaa muda mrefu haurudi nyuma wote. Aliyemeza metformini kwa miaka mitano na miguu inamchoma ana haki ya kuuliza kuhusu B12.

Aliyekonda, na hofu ya sindano

Vitabu vingi vya kisukari viliandikwa na watu waliokuwa wakimtazama mgonjwa mnene. Watafiti waliopima wagonjwa wazima hapa Uganda wamekuta sehemu isiyo ndogo ya wenye kisukari kinachoitwa aina ya pili si wanene, na kwa hao tatizo kubwa si mwili kuikataa insulini, ni kongosho linaloitoa kidogo. Metformini kwao inasaidia upande wa ini, ila haiwezi kutoa insulini isiyokuwepo. Mtu aliyekonda, anayezidi kukonda, aliyemeza dozi kamili miezi mitatu na asubuhi bado anasoma 13, hana kosa la kula. Anahitaji dawa ya pili, na pengine insulini mapema. Kumwambia apunguze chakula zaidi ni kumdhoofisha.

Hapo hofu inaingia. "Wakikuanzishia sindano umekwisha." Hofu hiyo ina chanzo chake: kwa miaka mingi insulini ilitolewa mwishoni, mtu akiwa ameshapofuka au mguu umeshaoza, na sindano ikabeba lawama ya yote. Hospitali ikiongeza insulini, mara nyingi metformini inaendelea, mradi figo zinaruhusu. Metformini inaliangalia ini usiku, insulini inashughulika na kilichobaki, na kwa kawaida mtu anahitaji yuniti chache zaidi kuliko angetumia insulini peke yake, na uzito haupandi sana. Kidonge hakiwekwi friji. Kichupa cha insulini kinachotumika kinakaa nje ya friji kama wiki nne, mahali penye kivuli na pasipo joto kali; Arua mwezi wa Februari hilo linataka vyungu viwili chumbani, kidogo ndani ya kikubwa, mchanga uliolowa katikati yao, na kichupa kiwekwe kwenye mfuko mkavu ndani ya kile kidogo.